Kondishna ya Kipande na Kichwa cha Mama Yako

Kalunde mwanangu,

Zile salamu za barua leo naziruka. Najua wewe ni mzima, maana nimekusikia muda si mrefu ukiimba bafuni kana kwamba hukuniudhi. Na wewe unajua mimi ni mzima, ila nina hasira. Sasa umetoka kwenda kuaga wenzako wa kwaya. Baba yako yuko uani anakaza kamba kwenye begi lako. Mimi nimekaa hapa mezani na kalamu, kwa sababu tangu mchana nikifungua mdomo tunagombana, na sitaki upande treni ya Tabora kesho tukiwa hivi. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Nianze na lenyewe. Umeenda kwa Mama Kulwa bila kuniuliza, ukamwambia habari za kichwa changu. Kichwa ambacho nalala nacho na kilemba na kuamka nacho na kilemba. Ukampa kipande cha kondishna yetu, ukamwelekeza namna ya kuosha, ukamwambia ajaribie kwanza. Halafu leo mchana mwanamke yule anasimama upande wake wa ua wa minyaa, watu wanapita barabarani na baiskeli zao za mpunga, ananiita kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe: "Mama Kalunde! Jumamosi nije saa ngapi kukuosha kichwa?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee mmoja alisimamisha baiskeli kabisa aone huyo mgonjwa wa kuoshwa ni nani.

Na kati ya wanawake wote wa Kakese, ukamchagua yule! Mwanangu, umesahau ng'ombe wao walivyoingia kwenye majaruba yetu wakala mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke? Umesahau baba yako na Baba Kulwa walivyokaa kwa mwenyekiti wa kijiji tangu asubuhi hadi kuku wanaingia bandani? Siku ile Mama Kulwa alisimama mbele ya watu akasema majaruba ya mume wangu yamepinda, ndiyo maana ng'ombe hawajui mpaka uko wapi. Tunasalimiana naye kwa sababu tu tumegawana minyaa.

Nilipokuuliza kwa nini yeye, ulinijibu kama mtu aliyefikiria siku nyingi. "Mama, yule anayosema anakusemea usoni. Wale wanaoongea taratibu ndio wanaobeba maneno." Nikakwambia sihitaji mtu, nitajiosha mwenyewe. Ukacheka. Kile kicheko ndicho kilichonitoa kwenye reli, nikakurushia lile neno: "Basi nenda, upumzike na kichwa changu!" Ukanyamaza. Na wewe ukinyamaza najua nimekuumiza, maana ukiwa hujaumia huwa hunyamazi.

Mengine ya safari na ya chuo sitakuandikia. Kufunga sanduku, kula kabla ya kuingia wodini, kutowaazima watu sare, kwenda kanisani hata kama kwaya ya huko inaimba vibaya, hayo nimeyasema hadi wewe mwenyewe unanimalizia sentensi. Nataka nikuandikie habari ya hiki kichwa, kwa sababu umekiosha muda mrefu na hujawahi kuniuliza kilifikaje hapo. Sijui ulikuwa unaniogopa au unanihurumia.

Nilikuwa na nywele, Kalunde. Zilifika mabegani. Nilikuwa nazitia dawa, zinalala, nikitembea zinacheza, na nilikuwa najua kwamba zinacheza. Mizizi ikianza kujikunja tu, natia tena. Sikusubiri. Mama yako mdogo ndiye aliyekuwa ananipaka, uani, kabla hajaolewa akahamia Dodoma. Siku moja kulikuwa na harusi ya binamu yetu kule Magamba, nikataka nikaonekane. Tukapaka dawa kichwa kizima. Ikaanza kuwasha, nikasema ngoja kidogo ikolee. Ikaanza kuchoma, nikasema nimwagie maji. Mama yako mdogo akafungua bomba, likatoa hewa. Ndoo zote tupu, kwa sababu mimi ndiye niliyesema bomba lipo, ya nini kuteka maji. Akakimbia kisimani, akakuta foleni. Mimi niko huku nazunguka uani nafuta dawa kwa kanga kavu, nalia, kuku wananikimbia.

Harusini nilienda na kilemba. Watu wakasema nimependeza.

Lakini hilo la dawa silo lililonimaliza. Nywele zilianza kurudi. Kilichonimaliza ni haraka ya kuficha. Vidonda havijapona vizuri nikasuka rasta, nikaomba zibanwe sana mbele zifunike palipokatika. Zikavuta, zikang'oa nyingine. Nikasuka tena, nikabana zaidi, nifunike na hizo zilizong'oka. Mwaka hadi mwaka. Kila nilipofumua nilikuta paji la uso limesogea nyuma, na kila mara dawa yangu ilikuwa ileile, kubana zaidi. Ningekiacha kichwa wazi msimu mmoja wa mvua, watu wangecheka wakachoka, sasa hivi ningekuwa na nywele. Sikuweza kuchekwa msimu mmoja. Ndivyo nilivyofika kwenye kilemba, na saluni sijakanyaga tena, maana ningekaaje kwenye kile kiti mbele ya kioo na foleni ya wanawake nyuma yangu.

Halafu wewe ukamaliza kidato cha sita, ukaenda kukaa Dodoma kwa mama yako mdogo kusubiri matokeo, ukarudi na kile kitu. Cha mviringo, cheupe kama siagi iliyoganda, kimefungwa kwenye karatasi, kinanukia. Ukasema, "Mama, hii ni kondishna ya kipande." Nikakwambia kondishna ni ya maji, iko kwenye chupa, usinifundishe. Chupa naijua vizuri. Ndiyo iliyonifungukia kwenye begi nikienda Sumbawanga, ikapaka nguo zangu zote na Biblia ya watu. Ukasema ndiyo maana hiki ni kizuri, hakimwagiki. Nilikidharau kwa sababu ulikuwa umeniambia ukweli mbele ya baba yako.

Na tulivyokitesa! Unakumbuka baba yako alivyotoka kwenye majaruba na tope hadi magotini, akakikuta bafuni akadhani umeleta sabuni ya mjini? Tukasikia anafoka kule ndani: "Mama Kalunde! Sabuni hii imelogwa? Napaka, napaka, povu hakuna, na mimi nateleza kama kambale!" Alikuwa amekisugua kifuani hadi kimebaki kama sarafu. Ulipomwambia ni cha nywele alisema yeye kifuani ana nywele. Ukaenda kukaa nyuma ya jiko ucheke, mimi nikabaki na hasira, maana nilikuwa bado sijakijaribu na tayari kimeisha.

Kile cha pili kilichokuja na basi nikakiharibu mwenyewe. Uliniambia kikitumika kikaushwe. Nikakianika kwenye kichanja pamoja na vyombo, jua la Oktoba, mabati yenyewe yanalia. Niliporudi kutoka sokoni kilikuwa kimeyeyuka juu ya sahani zote. Tulikula ugali unaonukia maua siku kadhaa. Kwa hiyo kilichofuata nikakiweka ndani, juu ya kabati, penye giza na baridi, nikajiona nimejifunza. Panya wakala. Nani angeniambia kwamba panya wa Kakese watapenda mafuta ya kakao ya kipande kuliko mpunga uliojaa chumba kizima?

Ndipo ukakata kile chandarua kilichotoboka, ukashona kifuko, ukatia kipande kipya ndani, ukakining'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango wa bafu, mbali na maji, mbali na jua, panya hafiki, upepo unapita. Nilikaa nikakitazama kifuko kile. Nilikuwa nimehangaika na kabati na kichanja, na wewe umemaliza kazi kwa uzi na sindano. Sikukusifia. Nilisema mishono imepinda.

Na bado nikaona najua. Ukasema kiasi kidogo, kinapita kwenye nywele, hakisuguliwi kwenye ngozi ya kichwa. Mimi nikawaza, nywele zangu zimeondoka, kwa nini nipake kidogo? Nikawa kila asubuhi nasugua kichwani kama nasugua sufuria iliyoungua. Baada ya muda kichwa kikawa kizito, kinatoa unga mweupe. Dada mmoja kanisani akanipangusa bega akaniuliza kama nimetoka mashineni kusaga. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi ya kwanza nikakubali kwa sababu ya huo unga. Nilifunga mlango, nikaziba dirisha kwa kanga, nikakwambia ukicheka natoka. Nikavua kilemba. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, beseni mbele yangu, macho nimeyafumba kama mtu anayengoja sindano. Nikangoja useme. Nikangoja uvute pumzi. Ulichosema ni, "Mama, maji nikuwekee ya vuguvugu au ya baridi?"

Hilo swali lako nimekaa nalo hadi leo. Sijawahi kukushukuru kwa hilo. Nakushukuru.

Ukaniosha kwanza na shampuu ukautoa ule unga. Ukagawa nywele kwa vidole, fungu kwa fungu. Ukalowesha viganja, ukakizungusha kipande katikati ya viganja hadi vikawa na utelezi, ukakirudisha kwenye kifuko chake hapohapo kabla hujanigusa. Ukapitisha viganja kutoka katikati ya nywele kwenda kwenye ncha, taratibu, kisha chanuo lile la meno mapana, ukianzia chini ukipanda juu. Nilikuwa nimezoea mtu anayeanza na chanuo juu akavuta hadi machozi. Nikauliza mbona hakuna povu. Ukasema, "Povu lake ni wewe kuacha kuuliza." Kisha tukakaa tukingoja ikolee, na safari hii hakuna kilichochoma.

Hapo ndipo ulipoanza kuongea. Labda kwa sababu ulikuwa nyuma yangu, hunioni uso na mimi sikuoni. Wewe uliyekuwa ukirudi kutoka shule unajibu "poa tu", Jumamosi ukaniambia yote. Yule kijana aliyekuandikia ujumbe halafu akaacha. Mtihani wa Kemia. Siku ile uliponiambia kwamba unaogopa damu, na umeomba chuo cha uuguzi kwa makusudi, kwa sababu umechoka kuogopa, nilitaka nigeuke nikuambie badilisha, bado kuna ualimu. Kichwa changu kilikuwa mikononi mwako na maji yananitiririka machoni, sikuweza kugeuka. Ukaendelea kuongea. Ingekuwa tumekaa uso kwa uso ningekukatiza na usingeniambia tena. Karibu kila ninalolijua juu yako tangu ukue nimelijua nikiwa nimeinama.

Sasa unaelewa kwa nini nina hasira? Sina hasira na Mama Kulwa peke yake. Nina hasira na treni. Nina hasira na chuo kilichokuita haraka. Nina hasira kwamba Jumamosi zimeisha na wewe unaimba bafuni.

Na nina hasira na kipande pia, tusijifiche. Wewe uliyekishonea mfuko, mbona ndiye unayekiacha ndani ya kopo la maji? Leo tena nimekikuta. Umeoga, umeimba, umetoka, kipande kimelala ndani ya kopo kimekuwa uji. Umenishinda kabisa. Unajua kila kitu cha kukitunza, umetufundisha wote hapa ndani, halafu akili yako ikiwa mbali unakiacha kinazama. Huko bwenini bafu ni la watu wengi. Mtu atakiona atadhani ni sabuni, atafulia soksi. Kwa hiyo nimekikata kile kizima kwa uzi, vipande vidogo. Uwe unaingia na kimoja tu, ukitoka utoke nacho, ukikaushe kabla hujakifungia kwenye mkebe. Vile vya mwisho vikibaki kama kucha usitupe, vigandishe kwenye kipya vyote vikiwa na unyevu. Nilisema sitakuandikia maelekezo. Haya si maelekezo, hii ni hasira.

Kuna kimoja tu ambacho nakiomba kwa moyo. Huko Tabora tafuta mtu wa kukuosha. Najua una mikono, najua unaweza. Lakini nyuma ya kichwa chako huoni, na kioo hakikusaidii. Mimi nilijifungia na kilemba nikasema nitajiangalia mwenyewe, na kwa miaka yote hiyo nilichokuwa naangalia ni mbele tu. Usingoje umpate mtu mwema sana. Mpate ambaye hatakwenda kusimulia, umkabidhi kisogo, umsimulie hata hiyo habari ya damu.

Nimesoma hapo juu nikaona nimekuandikia maneno yaleyale ambayo wewe uliniambia mchana nikakufokea.

Ngoja. Kuna mtu anabisha hodi mlango wa nyuma.

*

Nimerudi. Mikono bado inateleza, karatasi hii ikiwa na madoa usishangae.

Alikuwa Mama Kulwa. Amesimama mlangoni ameshika kimfuko cha plastiki kimefungwa fundo. Hata kukaribishwa hakungoja, akaniita mama kwa Kisukuma chake.

"Mayu, nimekuletea dawa yako. Nimeona mchana umekasirika. Basi chukua, yaishe."

"Si dawa," nikamwambia. "Ni kondishna."

"Hiyohiyo." Akakaa kwenye kigoda chako. "Ila nikwambie, mtoto wako alikuja kwangu akakaa pale kwenye gogo la kukamulia, akalia. Nikamuuliza unaogopa chuo? Akasema chuo haogopi. Anaogopa kukuacha na hicho kilemba."

Nikafungua fundo. Kalunde, kipande ulichompa kimekuwa uji! Amekitumia, amekifunga kikiwa kimelowa, amekiweka juani kwenye plastiki. Na ndani kuna singa. Singa nyekundu, ngumu.

"Hizi ni nywele za nani?"

"Za ndama."

"Za ndama?"

"Si Kalunde alisema nijaribie kwanza? Nikajaribie kwa nani, mayu? Sisi kwetu wote tumenyoa, msiba wa mama mkwe bado mbichi. Nikajaribia mkia wa ndama." Akasema hivyo bila kucheka hata kidogo. "Umelainika huo! Nzi wanatua wanateleza."

Mwanangu, sijui nilicheka au nilifoka, vyote vilitoka pamoja. Baba yako aliacha kamba akachungulia. Nikamwambia yule mwanamke, wewe umeambiwa taratibu, umeambiwa kwenye viganja, umeambiwa kikaushwe, umesikia nini kati ya hayo? Akasema amesikia yote ila kusikia na kuona ni tofauti, na mkia wa ng'ombe hauna katikati na ncha kama ulivyomwelekeza wewe. Nikamwambia unazo. Akasema hauna. Tukabishana juu ya mkia wa ng'ombe hadi nikachoka. Nikachukua kipande kikavu kwenye kifuko, nikalowesha mikono, nikamwonyesha. Zungusha hivi. Basi. Kirudishe hapohapo. Sasa mikono iko tayari, utelezi umekaa, unapitisha hivi.

"Hivi wapi?" akauliza.

Mikono yangu ilikuwa hewani, inadondosha maji. Yeye kichwa ni upara wa msiba. Baba yako kichwani hana kitu tangu nimjue. Humu ndani mwenye nywele alikuwa mmoja tu, na nilishaanza somo, na hasira yangu ilikuwa haijaisha. Nikavua kilemba.

Sikuwa nimepanga, Kalunde. Nisingepanga hata kwa mwaka mzima. Nilitaka tu asikiharibu tena kipande.

Yule wa kusikika hadi ng'ambo ya mto akanyamaza. Baba yako alikuwa mlangoni, akageuka akarudi kukaza kamba iliyokwisha kukazwa. Nikakaa kwenye kigoda kingine, nikampa mgongo, nikamwambia haya, fanya nilivyokuonyesha, na ukivuta nakufukuza. Mikono yake ni migumu kwa kukamua. Lakini anayejua kukamua anajua pia kiasi cha kubana, hilo sikuwa nimelifikiria. Alipofika nyuma ya sikio akasimama.

"Mayu, huku kunaota."

"Kunaota nini?"

"Nywele. Vidogovidogo, vimekaa ovyo, kama mpunga wa kumwaga."

Umeniambia hilo tangu masika, nami nikawa naitikia "haya, haya", nikijua ni mtoto anambembeleza mama yake. Yule habembelezi mtu. Yule alisema majaruba ya mume wangu yamepinda, na yamepinda kweli. Kwa hiyo akisema kunaota, basi kunaota. Nilikaa pale nikalia, na safari hii sikusingizia maji. Akaniuliza kama amevuta. Nikamwambia hajavuta, aendelee.

Ametoka sasa hivi. Amesahau kuaga, kama kawaida yake, na ameniachia ule uji wenye singa za ndama.

Lile neno la mchana nalifuta. Sikutaka upumzike na kichwa changu. Nilitaka usiende, na kwa sababu siwezi kukuzuia na wala sitaki kukuzuia, nikalisema vibaya. Nenda mama. Nenda kaone damu hadi uizoee. Kifuko cha chandarua nimekufungia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, na kipande kingine kikavu ndani. Mimi nitashona kingine, na mishono yangu itapinda, na wewe ukija likizo utasema.

Uliahidi utanipigia simu kila Jumamosi saa tisa. Saa tisa usipige, nitakuwa nimeinamia beseni. Piga jioni, nikishakauka.

Mama yako